Baridi Ilipofika Kichuguuni

Paukwa.

Pakawa.

Tulieni basi, wadogo kwa wakubwa, mwone ninachokiona. Oneni uwanda mpana wa vichaka vya miiba. Oneni bonde la udongo mwekundu. Ndani ya bonde, oneni kichuguu chenye matundu mengi, na mlangoni pake nguchiro mmoja, pua juu, anahema.

Hapo kale, wanyama walipokuwa wakizungumza, nguchiro huyo aliitwa Mbeyu. Siku hiyo ilikuwa zamu yake ya kulea. Ndiyo desturi ya nguchiro: kundi zima hutoka kutafuta panzi na mende, mmoja hubaki na watoto. Mlezi haondoki kichuguuni mpaka kundi lirudi. Haondoki kwa njaa, haondoki kwa kiu. Anayeondoka hufukuzwa, na nguchiro wa peke yake hana maisha marefu.

Watoto walikuwa watatu, macho ndiyo kwanza yamefunguka. Mama yao, Kadzo, ndiye aliyekuwa mkuu wa kundi. Kabla ya kuondoka alimwambia Mbeyu, "Huyu kitindamimba ni dhaifu. Umtazame sana."

Joto lilikuwa kali. Hewa ya moto ilikuwa imekaa bondeni siku nyingi, imejaa unyevu, haitikisi hata jani. Mbeyu alihema. Watoto walihema. Ndani ya kichuguu hakukaliki.

Juu ya mti mkavu alikaa Hondohondo, ndege wa mdomo mkubwa, shoga wa nguchiro. Wao walitimua panzi nyasini, yeye akawadaka. Naye akiona mwewe, hulia tok-tok-tok, nao wakajificha. Walisaidiana hivyo miaka yote.

Mara, fyuuu. Upepo wa baridi ukaingia bondeni. Nyasi zikalala. Vumbi likainuka.

Mbeyu akafurahi. Nguchiro wote hufanya hivi: joto likivunjika, watoto hutolewa nje na kulazwa mchangani, pale chini kabisa penye ubaridi.

"Haya, tokeni, wanangu," akasema. "Joto limekwenda zake."

Tok-tok-tok.

Mbeyu akawafunika watoto kwa tumbo lake. "Mwewe yuko wapi?"

"Hakuna mwewe," akasema Hondohondo. "Usiwalaze hapo. Wapeleke mwinukoni, kwenye mawe."

"Shoga, jua limekupiga kichwani. Sasa ndipo tunapumua."

"Hilo joto limekwenda wapi?"

"Limekwisha."

"Halikwishi hivyo. Hebu niambie, mkikutana mpakani na kundi la kichuguu kingine, mnachanganyika?"

"Tuchanganyike na wale wezi? Tunasukumana."

"Nani hushinda?"

"Wazito. Hujipenyeza chini, wakawabinua wepesi."

"Basi hewa nazo zina makundi yake. Hii ya baridi imetoka milimani. Ni nzito, inatambaa chini. Ile ya joto ni nyepesi, na imebeba maji usiyoyaona. Baridi imejipenyeza chini yake, inaibinua, inaipandisha. Na huko juu hakuna joto. Ikipoa, yale maji yanakuwa wingu. Panda utazame."

Mbeyu akapanda juu ya kichuguu. Upande mmoja mbingu ilikuwa nyeupe kwa jua. Upande wa milima kulikuwa na ukingo wa wingu, mweusi chini, umenyooka toka mwisho hadi mwisho. Juu yake mawingu yalifura kama uji unaochemka.

"Ule ndio mpaka wao," akasema Hondohondo. "Nao unakuja huku."

"Labda itakuwa manyunyu."

"Joto lingekuwa ndilo linalosukuma, likaipanda baridi polepole, ningekubali, tungepata manyunyu ya kutwa. Leo baridi ndiyo inayosukuma. Mvua itashuka kwa mkupuo."

Mbeyu akatazama njia waliyopita wenzake. Hapakuwa na mtu. "Mlezi haondoki kichuguuni," akasema. "Kadzo atanifukuza."

"Najua."

"Basi nisaidie kuwabeba."

"Kwa mdomo huu? Nitawatoboa."

Mbeyu akageuka. Akamtazama kitindamimba. Kisha akasema, "Desturi iliwekwa kwa ajili ya hawa. Haikuwekwa kwa ajili ya udongo."

Akamshika yule mdogo kwa ngozi ya shingo. Akakimbia, tii-tii-tii, hadi mawe ya mwinukoni. Akamweka. Hondohondo akatua kando yake kulinda. Mbeyu akarudi, akambeba wa pili. Ngurumo zikaanza, ngruu, ngruu. Akarudi kwa wa tatu. Mvua ikashuka, shwaaa. Maji mekundu yakamfika tumboni, akainua shingo juu, mtoto asizame. Akapanda. Akafika.

Nyuma yake maji yakaingia kichuguuni kwa tundu la chini na kutokea kwa tundu la juu.

Mvua ilipokatika, kundi likarudi. Kadzo alikuwa mbele. Alikiona kichuguu kimejaa maji, akakaa chini. Ndipo Mbeyu akaita kutoka mwinukoni. Kadzo akapanda, akawanusa watoto wake mmoja mmoja. Walikuwa wazima.

"Umeacha kichuguu," akasema.

"Nimeacha kichuguu, mama. Sikuwaacha watoto."

Kadzo akawanusa tena. "Nani alikuambia mvua inakuja, ilhali huko chini kulipoa vizuri?"

"Huko kupoa ndiko kulikoniambia. Hondohondo ndiye aliyenifundisha kusikiliza."

Kadzo akamgeukia Hondohondo. "Panzi wa kesho ni wako, shoga."

"Wa kesho wamesombwa," akasema Hondohondo. "Nitangoja wa keshokutwa."

Tangu hapo nguchiro waliongeza neno katika desturi yao: baridi ikija ghafla, mlezi hupanda juu kwanza na kutazama ukingo wa mbingu, ndipo aamue watoto walale wapi.

Funzo ni hili: nafuu ikija, tazama imekuja na nani.

Hadithi yangu imeishia hapo, kwenye mawe ya mwinukoni. Nanyi, watoto wazuri, nawaomba mkumbuke jambo moja tu: siku ya joto kali, mkipulizwa ghafla na upepo wa baridi, inueni macho juu kabla ya kukimbilia bondeni kucheza.