Kijiti Kilicholiwa na Msumeno

Ndugu zangu, palikuwa na mama mmoja mjane, fundi cherehani. Marehemu mumewe alimwachia mashine ya kupasulia mbao, ile ya mezani, ambayo msumeno wake wa duara huchomoza katikati na kuzunguka kwa kelele. Watu wakamshauri aiuze. Yeye akakataa, akasema binti yake ni mjamzito, na mjukuu atalala kwenye kitanda kilichotengenezwa kwa mashine ya babu yake.

Akamwomba seremala mmoja, rafiki wa marehemu, amfundishe. Sasa sikilizeni. Mama huyu alianza kushona tangu usichana wake, na ninyi mnaoshona mnajua mambo yalivyo: kitambaa unakisindikiza kwa vidole mpaka chini ya sindano, wala huogopi. Basi mashine ilipowaka, akafanya kama alivyozoea. Akausindikiza ubao kwa vidole. Seremala akazima umeme hapo hapo.

“Shemeji,” akamwambia, “hicho si kitambaa. Sindano ikikuchoma unanyonya kidole, unaendelea na kazi. Huu msumeno haukuachii kidole cha kunyonya.”

Akaokota kipande cha mbao kwenye mabaki, akakichonga pengo mwishoni ili kiushike ubao, akampa. Tangu siku hiyo, ubao ukiukaribia msumeno, mkono unabaki nyuma na kijiti ndicho kinachosukuma. Mama hakukipenda hata kidogo. Mikono iliyowashonea maharusi wa mtaa mzima, leo ishikishwe kijiti kama ya mtoto? Akamnung'unikia jirani kwamba shemeji yake anambana. Lakini kwa kuwa alimheshimu, alikitumia, huku amenuna.

Alasiri moja alikuwa peke yake, anapasua vipande vyembamba vya ubavuni mwa kitanda. Ubao ukagoma. Akausukuma kwa nguvu, ukaachia ghafla, na kijiti kikaingia kwenye meno ya msumeno. Alipozima mashine akakuta ncha yake haipo, imeliwa yote. Na mkono je? Mkono ulikuwa kule nyuma, mzima, umekamata kipande kilichobaki. Mama akakaa chini kwenye unga wa mbao, akavitazama vidole vyake kimoja kimoja, akalia. Vidole hivyo ndivyo vilivyomlisha na kusomesha watoto wake. Bila hivyo angekula nini?

Kitanda kikakamilika, mjukuu akazaliwa, akalala humo. Ikafika sikukuu ya mavuno, kama hii yetu ya leo. Mmoja akaleta mkungu wa ndizi, mwingine jogoo, mwingine debe la mahindi, vyote vikisubiri mnada wa pale nje baada ya ibada. Mama akafika mbele, akafungua khanga, akaweka madhabahuni kijiti kisicho na ncha. Watu wakatazamana. Mzee wa kanisa akamwinamia, akamuuliza kwa upole kama hakubeba kitu kingine kwa makosa.

“Sijakosea, baba,” akajibu. “Miaka yote nimeleta nilichovuna. Mwaka huu nimeleta kilichokatwa badala yangu.”

Kisha akageuka, akamtafuta seremala kwa macho mpaka akamwona kwenye benchi la nyuma. “Shemeji,” akasema mbele ya watu wote, “nilikununia. Asante.”

Na sisi je? Tunashukuru kwa ndizi na kwa jogoo kwa sababu tunaviona. Lakini jeraha ambalo hatukulipata, nani amelibeba kuja nalo hapa? Yupo mama aliyekukataza safari, ukaacha kula chakula chake. Yupo mke aliyekwambia usiitie sahihi ile karatasi, ukamwita mwoga. Yupo rafiki aliyekunyang'anya chupa, na mpaka leo humsalimii. Mungu wetu anatupenda, ndugu zangu, na mara nyingi anatulinda kwa mkono wa mtu anayetuudhi.

Hebu kila mmoja ainue mkono wake. Vitazameni vidole. Vipo? Basi aliyekupa kijiti huenda amekaa benchi hilo hilo ulilokaa wewe, na bado umemnunia. Kabla mnada haujaanza, mwendee umwambie asante.