Kwa Nini Mnara wa Nambwela Umefukiwa Hadi Kiunoni

Msiucheke mnara wetu. Najua mgeni akishuka hapo stendi huuliza ni watu gani hawa wasiojua hata kufagia, mnara wa mashujaa wao umefukiwa udongo hadi kiunoni. Mgeni na aulize. Nyinyi mliozaliwa hapa Nambwela hamna ruhusa ya kutojua. Sogeeni, na wewe unayetafuna muwa, tafuna kimyakimya.

Zamani mnara ule ulikuwa mrefu, mweupe pe, umesimama juu ya sakafu ya saruji. Serikali iliujenga kwa ajili ya vijana wa hapa waliochukuliwa kwenda kupigana na Wajapani huko Bama wasirudi. Akawekwa mlinzi, Koplo Lipande, ambaye yeye alirudi, akaambiwa kazi yake ni moja tu: mnara uwe safi. Naye alikuwa mtu wa amri. Jani likianguka, analo.

Wakati huo alikuwapo Abiti Kalembo, mama yake Mtalika, mmoja wa wale wasiorudi. Kwetu matanga hayaanuliwi mpaka kila mfiwa atie konzi yake ya udongo kaburini. Sasa kaburi la Mtalika liko wapi? Huko msituni, ng'ambo ya bahari. Basi nyumba ile ikakaa na msiba miaka na miaka. Asumini, mke wa Mtalika, aliyeolewa juzijuzi tu vita vikaja, akabaki na kaniki yake ya msiba. Hajipaki mafuta, haendi ngomani, haposwi. Mama mkwe alimpenda kama aliyemzaa, na kumwona binti wa watu anachakaa vile kulimuuma sana.

Mnara ulipokwisha kujengwa, mama yule akachota udongo mlangoni kwake, pale Mtalika alipokanyaga akiondoka, akaenda kuumwaga chini ya mnara. Asubuhi akarudi kutazama, akakuta sakafu inang'aa. Akatia tena. Koplo akafagia tena. Ikawa ndiyo kazi yao, huyu anatia, huyu anafagia, hata watu sokoni wakawa wanamtania koplo kwamba amepata mchumba.

Mwishowe koplo akachoka. Jioni moja akamngoja, akamwuliza kwa heshima, maana hakuwa mtu mbaya, kwa nini anauchafua mnara wa mashujaa.

"Baba," Abiti Kalembo akamjibu, "mimi namzika mwanangu jioni. Asubuhi wewe unamfukua."

Koplo Lipande akasimama na ufagio wake. Kisha akakaa chini, palepale kwenye saruji, akalia. Alikuwa na jambo ambalo hakuwahi kumwambia mtu tangu arudi.

"Nilikuwa naye, mama. Alipoanguka, amri ilikuwa tusonge mbele. Hatukumfukia."

Mama yule angeweza kumlaani, na nani angemlaumu? Lakini alimshika mkono, akaufungua, akamtilia nusu ya udongo wake. Wakamzika Mtalika pamoja, yule aliyemzaa na yule aliyemwacha njiani. Siku ileile Abiti Kalembo akamvua Asumini kaniki, akamwogesha na kumpaka mafuta kwa mikono yake mwenyewe. Waliosikia wakaja na udongo wa milangoni kwao, kila nyumba kwa ajili ya mtu wake.

Na tangu siku hiyo ufagio haupiti pale. Kila nyumba yenye mtu aliyefia mbali hupeleka konzi yake, na udongo unapanda taratibu, mnara unazidi kuzama. Asumini aliolewa tena, akamzaa mama yangu. Nilipokuwa mdogo alikuwa akinishika mkono tukamtilie Mtalika udongo, na babu akitungoja pembeni, amevua kofia.