Hisa Tisini za Mzee Kapalata

Sheria mpya ya ushirika ilipunguza idadi ya waanzilishi kutoka thelathini hadi kumi. Wafuga nyuki wa Igombanilo walikuwa tisa. Wa kumi hakupatikana, maana wengine wote kijijini walimwogopa Mzee Kapalata, mnunuzi pekee wa asali, aliyejipangia bei mwenyewe.

Nyamizi, mmoja wa wale tisa, akamfuata dukani kwake.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Eti mnataka kuuza asali mjini bila mimi?"

"Bila wewe tutathubutu vipi? Nimekuja kukuomba uingie."

"Nikiingia, nitanunua hisa kuwazidi nyote."

"Nunua hata tisini, mzee. Sisi tuna mojamoja tu."

Kapalata akacheka, akalipa, akatia sahihi. Ushirika ukasajiliwa.

Kwenye mkutano wa kwanza, Nyamizi alipendekeza fedha za hisa zitumike kukodi lori la kupeleka asali mjini. Mikono tisa ikainuka.

"Napinga!" Kapalata akafoka. "Nina hisa tisini!"

"Sheria inahesabu watu, mzee, haihesabu hisa," afisa ushirika akamjibu. "Inua mkono."

Kapalata akainua yote miwili.

"Shusha mmoja, mzee," Nyamizi akasema kwa upole. "Huo tutauhitaji kupakia lori."