Kibanda cha Getini, Bustani Heights

Sogeeni. Aliye na simu aitie mfukoni, maana nikimaliza nataka jibu la mdomo. Emoji sipokei.

Kuna estate inaitwa Bustani Heights. Bustani haina, heights haina. Ni nyumba arobaini na nane zilizopangwa kama mikate kwa shelf, zikazungushiwa ukuta, zikawekewa geti moja, na katikati ukabaki uwanja. Kila mwenye nyumba ni mwanachama wa chama cha wakazi, atake asitake. Chama ndicho kinachoajiri masoja wa kulinda geti, kinawasha taa za barabara, kinaita lori la taka na kupigana na pampu ya kisima kila ikizima. Hapo nakipa haki yake. Lakini chama hichohicho kina katiba ya kurasa thelathini na mbili, na kina Chairman anaitwa Kathurima, mtu ambaye akiona shuka imeanikwa upande wa barabara anapandwa na presha.

Sasa, humo ndani mnakaa watu watatu wenye vipaji.

Wa kwanza ni Moraa, anayekaa na wazazi wake nyumba ya kumi na saba. Kipaji chake ni macho. Mpe ramani, ataisoma vile wewe unasoma menyu ya hoteli. Ana digrii ya upimaji ardhi, second class upper, na miaka minne ya kutarmac akitafuta kazi. Kila interview wanamuuliza, experience iko wapi? Angeipata wapi, jikoni kwa mamake?

Wa pili ni Mzee Mwakio wa nyumba ya tatu, karani mstaafu, katibu wa kwanza kabisa wa chama. Kipaji chake ni kutotupa karatasi. Ana kadi za harusi ambazo ndoa zenyewe zilivunjika zamani. Wajukuu wawili wamemwangukia mwaka huu awalee, na bado wanalala katikati ya makatoni.

Wa tatu ni Achola, mpangaji wa nyumba ya thelathini na moja. Anauza chapati, na kipaji chake ni sauti. Akiita "Chapo zimeiva!" kutoka dirisha la jikoni, watu wanatoka mbio na slipper za rangi mbili. Lakini katiba inakataza biashara ndani ya nyumba, kwa hivyo kamati imemwandikia barua saba za onyo. Ya saba ilisema: dirisha lifungwe kabla ya mwisho wa mwezi, ama landlord wake amtoe.

Basi Jumatano moja, barua ikabandikwa getini. Mwekezaji fulani alidai ameununua uwanja kutoka kwa warithi wa yule mzee aliyeuza ardhi ya estate, na ataanza kujenga. Sababu zake mbili: kwanza, uwanja uko nje ya mpaka wa estate. Pili, hata ungekuwa ndani, hakuna anayeutumia. Na alikuwa na picha! Nyasi zimefika magotini, na katikati yake limesimama bango la chama chenyewe, saini ya Kathurima chini: HAKUNA KUCHEZA. HAKUNA KUKAA. HAKUNA KUANIKA.

Hebu imagine. Watu wazima, wengine na masters, walijifungia uwanja wao wenyewe ili nyasi zisikanyagwe, halafu wakashangaa mtu aliposema hauna mwenyewe.

Afisa wa ardhi akampigia Chairman simu. "Nakuja Jumamosi saa nne asubuhi. Nionyesheni mpaka, nionyesheni karatasi, nionyesheni matumizi. Kimoja kikikosa, mwekezaji anaendelea."

Kathurima akaita mkutano wa dharura, shati limemshika mgongoni kwa jasho. Pale getini kuna kibanda kimoja cha chama, mahali pekee ndani ya ukuta ule ambapo katiba inaruhusu mtu kuuza kitu. Kilikuwa kitupu tangu Januari, kwa sababu kamati ilikuwa bado inajadili rangi ya mlango. Kathurima akasema, "Atakayeuokoa uwanja, kibanda ni chake. Mtu mmoja, hagawani na mtu, hakodishii mtu." Mikono yote juu. Hakuna hata mmoja aliyeuliza, na wakiwa watatu?

Alhamisi asubuhi, Moraa alitoka na ramani, kamba na kalamu. Akatafuta mawe ya mpaka, zile bikoni, hakuona hata moja. Akapima kutoka kona ya ukuta, akapiga hesabu, akapima tena, na hesabu ikamleta mpaka kwenye maua ya Chairman. Kando ya maua kulikuwa na mawe arobaini, yote yametiwa chokaa, meupe pe.

"Chairman, samahani, haya mawe mlitoa wapi?"

"Mengine tulinunua, mengine tuliyakuta. Tukayapaka yote yafanane. Uniformity, Moraa."

Moraa akachukua ufunguo wa nyumba, akaanza kukwangua moja baada ya jingine. La kwanza likatikisika. La pili likatikisika. La kumi na tisa likakataa. Chini ya chokaa kulikuwa na saruji, chuma, na namba.

"Chairman, mlirembesha maua na bikoni!"

Kutoka jiwe lile akavuta kamba, akapata la pili kwenye mtaro, la tatu nyuma ya jenereta. Uwanja wote uko ndani. Watu wakapiga makofi mpaka mbwa wakabweka.

Lakini uwanja ukiwa ndani, ni wa nani? Yule mzee aliyeuza angeweza kuuza nyumba zote akabaki na uwanja wake katikati. Hapo ndipo Mzee Mwakio alipofunua makatoni. Alitoa kila kitu nje, akapanga sebuleni, kwenye ngazi, juu ya gari. Mkewe akasimama mlangoni, mikono kiunoni.

"Baba Wakesho, ukiikosa hiyo karatasi, wewe na makatoni yako mtatafuta nyumba nyingine."

"Naikumbuka, Mama Wakesho. Ilikuwa na doa la chai."

Ijumaa alasiri doa la chai likapatikana. Kumbukumbu za mkutano wa kwanza wa chama, miaka kumi na tisa iliyopita, na chini kabisa saini ya aliyeuza ardhi: "Uwanja nimewaachia wakazi wote, maadamu wanautumia." Mwakio akaisoma kwa sauti, watu wakashangilia. Akairudia ile sehemu ya mwisho. Wanautumia. Macho yote yakageukia bango.

Jumamosi, saa mbili asubuhi, tingatinga la mwekezaji likafika getini. Masaa mawili kabla ya afisa! Dereva alikuwa ameambiwa afyeke kila kitu, afisa akija akute udongo mtupu. Kamati ilikuwa wapi? Kwa group ya WhatsApp, inaandika "Noted". Achola akamsikia soja akibishana, akatoka mbio na unga mikononi.

"Soja! Kifungu cha nane kinasema nini?"

"Gari bila stika haliingii, madam."

"Hili liko na stika?"

Dereva akacheka. "Mama, hii ni mashine, si gari."

"Iko na namba?"

"Iko."

"Wewe ni abiria ama dereva?"

"Dereva."

"Basi ni gari. Kifungu cha nane, sehemu B. Ndugu yangu, mimi nimeandikiwa barua saba, hii katiba nimeinywa na chai. Zima hiyo injini."

Soja, ambaye maisha yake yote kazini ameambiwa afuate sheria, akafuata sheria. Kizuizi kikabaki chini. Achola akageuka, akajaza kifua:

"Chapo za bure uwanjani! Nasema bureee! Kujeni na watoto, kujeni na mipira, kujeni na nguo za kuanika!"

Wee! Milango ilifunguka kama ya shule ikipiga kengele. Nyanya wakatandika mikeka. Mipira mitatu ikaanza kurushwa kwa wakati mmoja. Mama mmoja akaanika soksi za familia nzima juu ya bango, na HAKUNA ikafunikwa na vesti. Kufika saa nne uwanja ulikuwa haujulikani kama ulishawahi kuwa na nyasi, na Kathurima mwenyewe, na suruali ya suti, alikuwa winga wa kulia.

Afisa akaingia. "Mpaka?" Moraa akamwonyesha jiwe la kumi na tisa. "Karatasi?" Mwakio akampa, doa likiwa juu. "Matumizi?" Kabla mtu hajajibu, Chairman akapiga krosi, mpira ukamgonga afisa kwenye faili.

"Nimeona," akasema, akaandika, akapiga saini.

Tingatinga likarudi reverse. Watu walilia, watu walikumbatiana, majirani ambao hawajasalimiana tangu kesi ya parking walikula chapati moja.

Jumapili ukaitwa mkutano wa kutoa ufunguo, na hapo furaha ikapata meno.

"Bila mimi mngekuwa mnatetea shamba la mtu," Moraa akasema. "Miaka minne sijawahi kuwa na mlango wangu. Nataka kuweka meza, nichoree watu ramani zao."

Mtu akadakia, "Wewe una digrii, utapata kazi."

"Iko wapi hiyo kazi? Nipe namba yake niipigie."

Mwakio akasimama. "Bila karatasi yangu, bikoni ni mawe tu. Na hapa kati ya sisi watatu, mwanachama ni mimi peke yangu. Nataka kuuza maziwa, nilee wajukuu."

"Mzee, heshima yako," Achola akasema, "lakini hiyo karatasi ulikaa nayo miaka kumi na tisa. Bango lilipowekwa, ulisema nini?"

Mwakio akaikunja karatasi yake, akaketi.

"Na wewe ni mpangaji," mwenye nyumba mmoja akamrushia Achola. "Huna kura hapa."

"Karatasi ya Mzee imesema wakazi wote. Mimi nakaa wapi, hewani? Bila watu wangu, afisa angepata udongo. Zimebaki siku tisa nifunge dirisha. Nikikosa kibanda, natoka na karai langu."

Wakapiga kura, nyumba moja kura moja. Mshindi anahitaji ishirini na tano. Moraa kumi na saba, Achola kumi na sita, Mwakio kumi na tano. Wakarudia. Wengine wakahama, wengine wakahamia walikohama wenzao, hakuna aliyefika ishirini na tano. Mara ya tatu, vivyo hivyo. Kathurima akafungua katiba, akalamba kidole, akasoma: kura zikikwama mara tatu, ataitwa mtu wa nje, asiye na nyumba humu wala jamaa humu, aamue, na neno lake halina rufaa.

Mtu wa nje ndiye wewe unayenisikiliza.

Usiniambie wagawane; Chairman alishakataza. Usiniambie kijengwe kibanda cha pili. Kamati itajadili rangi mpaka wajukuu wa Mwakio waote mvi. Ufunguo ni mmoja, uko mkononi mwako, na wale watatu wamesimama mbele yako, hakuna anayepepesa macho.

Moraa, Mwakio, ama Achola? Mpe mmoja, halafu waangalie wale wawili usoni uwaambie kwa nini.