Maji Matamu ya Msitu wa Mama Odili

Sogeeni karibu, wa nyuma waje mbele, na mwenye shuka ajifunike. Ninakowapeleka leo maji husimama yakawa jiwe, na mtu akipumua ndevu zake hugeuka nyeupe.

Huko ughaibuni waliishi watu watatu wa kwetu, chumba kimoja. Mbwambo alitoka milima ya Upare, kwenye ukoo wa wachimba mifereji. Akiitazama ardhi tu, anajua maji yanataka kupita wapi. Kihwele alikuwa mgema wa ulanzi, pombe itokayo kwenye mwanzi, kutoka Iringa. Akiugusa mti, anajua una kitu au hauna. Na Mapendo, fundi cherehani wa Uvira, alikuwa na vidole vinavyotunga uzi kwenye sindano huku macho yakiwa kwingine. Leo tutatembea na huyu Mapendo.

Kila mmoja alikuwa na karatasi ya kumwombea mtu wake aje. Kihwele alimwombea mkewe, Mbwambo mama yake, Mapendo binti yake Furaha, wa miaka saba, aliyebaki kwa bibi. Karatasi zote tatu zilijazwa zikajaa, ukabaki mstari mmoja mtupu: nyumba yako iko wapi?

Sasa palikuwa na mjane, Mama Odili, mwenye msitu wa mepo kilimani. Mepo ni mti ambao baridi inapokaribia kuisha, jua likiupapasa, hutoa maji matamu. Marehemu mumewe aliyateremsha kwa mipira myembamba ya maji, kutoka mti hadi mti, mpaka tangini. Mwaka huo theluji iliivunja mipira yote.

Watatu wale walipomwendea kutafuta kazi, Mama Odili akawaambia, "Jua linarudi baada ya siku kumi na mbili. Likikuta mipira haijafungwa, mwaka wangu umekwenda na maji. Nyumba ya mlinzi wa msitu iko wazi, na mlinzi ni mmoja, yeye na mtu wake tu. Atakayenifikishia maji tangini, ufunguo ni wake."

"Maji matamu kutoka kwenye gogo lililoganda?" Mapendo alimnong'oneza Kihwele. "Huyu mama ametuona washamba."

"Dada, hata mwanzi ukiwasimulia watu wa Uvira watakucheka," Kihwele akajibu.

Mbwambo akaanza. Chini ya theluji kilima chote kilionekana sawasawa, kama kitanda kilichotandikwa. Akalala kifudifudi kwenye theluji, akafumba jicho moja, akanyoosha kidole. "Kamba ya kushikia mpira ipite hapa. Sasa pale. Si hapo, Kihwele, hapo maji yatalala!" Kwa maana mpira ukilegea mahali pamoja tu, maji hutuama, yakaganda, na ya juu yote hayashuki. Siku ya tatu Mama Odili alikuja na pimamaji, akapima kamba kutoka kileleni hadi chini. Hakukuta kosa hata moja. Akavua kofia, kwenye baridi ile.

Kihwele akafuata na keekee. Mti wa kwanza tu alitaka kuuharibu: alishatoboa, akachomoa kisu aukwangue jeraha, kama unavyokwanguliwa mwanzi asubuhi na jioni. Mama Odili akapiga kelele. "Mepo hutobolewa mara moja kwa mwaka! Ukiukwangua unauua!" Kihwele akarudisha kisu, uso umemshuka. Kisha akavua glavu, akaweka kiganja kwenye gome, akauzunguka mti polepole. "Huu uko tayari. Huu uacheni, umechoka." Miti mia mbili aliitoboa, kumi na mmoja akaikataa. Mama Odili akashika kifua: kumi na mmoja ile ile ndiyo mumewe aliyoipumzisha kabla hajafa.

"Nani amekuambia?"

"Yenyewe, mama."

Ikabaki kazi ya Mapendo. Mpira kwenye baridi ile huwa mgumu kama mfupa, hauingii kwenye kiungio mpaka ncha yake ichovywe kwenye maji ya moto. Na kwa glavu huwezi kuushika. Mapendo akafanya kazi mikono mitupu. Siku ya tisa maji ya moto yakaisha, miti arobaini bado, na nyumbani ni mbali. Akafungua chupa ya chai. Chai yenyewe ya rangi, ya tangawizi, na sukari ile ya kwetu isiyofanyiwa ubahili. Akachovya, ncha zikalainika, akamaliza. Akarudi akiimba.

Asubuhi wakakuta ncha za mipira kwenye viungio vyote arobaini zimetafunwa. Kindi walisikia harufu ya sukari, wakaja na jamaa zao.

"Umewakaribisha chai," Mbwambo akasema, "nao wakaja. Ungewapikia na maandazi."

Hakucheka mtu. Mapendo alikaa kwenye theluji akalia, kwa sababu alimwona Furaha kwenye ile mipira iliyotafunwa. Kisha akainuka, akaviosha viungio kimoja kimoja, akakata ncha zilizotafunwa, akaunga upya kwa maji ya moto, siku mbili, mikono mitupu. Ncha mbili za vidole vyake hazijapata hisia mpaka leo.

Siku ya kumi na mbili jua likatoka. Wakasimama kando ya tangi. Mara, huko juu, mapovu madogo yakaanza kutembea ndani ya mipira, mti hadi mti, kilima kizima kikawa kinatembea. Tone la kwanza likalia kwenye bati. Kisha la pili. Kisha hayakuhesabika. Mapendo akakinga kiganja, akanywa. Ubaridi ulitangulia, utamu ukaja nyuma taratibu.

"Mungu wangu," akasema. "Mti unanyonyesha."

Mama Odili akaweka ufunguo juu ya mfuniko wa tangi. "Nani ameniletea maji?"

"Bila Mbwambo yangelala njiani," akasema Kihwele.

"Bila Kihwele kusingekuwa na cha kulala," akasema Mbwambo. "Na bila dada yangemwagika yote."

"Mimi ndiye niliyewaita kindi," Mapendo akasema. Hata hivyo mkono wake ulikwenda wenyewe. Akaugusa ufunguo kwa vile vidole viwili, asijue ni wa baridi au wa moto. Akautoa mkono. Mfukoni karatasi yake ilikuwa na mstari mtupu. Na mifukoni mwa wenzake vivyo hivyo.

Mama Odili amewatazama, mmoja mmoja, na ameshindwa kuchagua. Haya, nyinyi mliojifunika hapo: ufunguo ni mmoja, mistari mitupu ni mitatu, na maji yanaendelea kushuka. Ungemkabidhi nani, na wale wawili ungewatazamaje machoni?