Kinyozi Aliyetangaza Kufunga

Wapendwa, naomba radhi mapema, mfano huu nitausimulia vibaya. Anayeujua vizuri ni mke wangu, na leo yuko kwaya, hawezi kunisahihisha. Tuendelee.

Kulikuwa na kinyozi mmoja, na mkewe alikaanga vitumbua kwenye baraza ya kibanda hichohicho. Wakaja watu wa barabara, wakachimba mtaro mbele yao. Wateja wakapungua, kwa mume na kwa mke. Mtaro mmoja, vumbi moja. Sasa sikilizeni mipango.

Kinyozi alitangaza sokoni, akatangaza mpaka msibani: "Jumamosi nafunga. Biashara imekufa." Watu wakampa pole. Na mtu ukishampa pole, utarudi akunyoe?

Mkewe naye wakamuuliza, "Mama, wewe unafunga lini?"

"Mchele wa kesho nimeshauloweka."

"Tunauliza mwezi ujao."

"Mwezi ujao nitaloweka mwingine."

Basi. Mpango wake wote ndio huo.

Jumamosi kinyozi akaja na spana, afungue kiti chake akakiuze. Na kazi nyingine hajui. Hajalegeza hata nati moja, mzee aliyekuwa akingoja vitumbua viive akaja, akakikalia.

"Nitoe ndevu, fundi."

"Mzee, nimefunga. Hukusikia?"

"Nilisikia. Mkeo katwambia unafunga siku moja tu, upake rangi. Na wale pale wanakungoja wewe."

Kinyozi akamgeukia mkewe. Mama anageuza vitumbua, hata uso hakuinua. "Usinitazame, baba watoto. Rangi iko chini ya meza. Ukimaliza kunyoa, anza na ukuta ule uliobanduka."

Mwanamume spana ikamdondoka. Akacheka mpaka machozi, kama mtu aliyetuliwa gunia la mkaa kichwani. Nani hapa hajawahi kutamani atokee mtu amkatalie kufunga?

Nasi ndivyo tulivyo. Tunampelekea Mungu matangazo: Bwana, ndoa hii nafunga, maombi haya nafunga. Naye habishani nasi. Ameshawapanga watu foleni mlangoni petu.

Akina baba, naona mnacheka kwa adabu. Hebu niwaambie. Alfajiri ya leo nilimwambia mke wangu, "Kwa mvua hii hakuna atakayekuja, leo hakuna ibada." Alipiga pasi shati langu, akatoka. Mkamkuta hapa mlangoni, mkaanza kuimba naye nje, mnalowa.

Kwa hiyo msimlaumu mlinzi kwamba kanisa limechelewa kufunguliwa. Mwenye funguo alikuwa kajifunika blanketi, na ndiye huyu anayewahubiria.