Rambirambi za Shangazi wa Fisi

Nianze nisianze?

Anza!

Masikio mmekuja nayo?

Tumekuja nayo!

Basi fungeni midomo.

Hapo zamani, zamani sana, Kanga alikuwa na kibanda cha uji kivukoni. Chungu kimoja, mafiga matatu, vifaranga saba wa kulisha. Siku moja akachukua kuni kwa Fisi kwa mkopo. Bei yake vibaba sita vya mtama.

"Ijumaa ikifika hujalipa," Fisi akasema, "nachukua chungu."

Kanga akakubali. Angefanyaje, na jiko limezima?

Jumatatu akajitwika vibaba sita, akaenda. Akapiga hodi. Akatoka mke wa Fisi. Fisi mwenyewe alikuwa amejikunyata chini ya kitanda, maana alikitaka chungu kuliko mtama.

"Mume wangu hayupo, dada. Amefiwa na shangazi yake."

"Basi mpokelee mtama wake."

"Deni la mume silipokei mimi."

"Haya, poleni sana," akasema Kanga. Kuondoka penye msiba bila kutoa kitu ni aibu, kwa hiyo akapima vibaba viwili vya rambirambi. Hivyo mke wa Fisi akavipokea kwa mikono miwili.

Kanga akarudi, akauza uji, akaziba pengo. Jumanne akaenda tena.

"Anaumwa, hata kope haziinuki."

Kanga akaacha vibaba viwili vya mgonjwa. Jumatano akaenda tena.

"Amesafiri."

"Na ugonjwa wote ule?"

"Ndiyo, kapelekwa kwa mganga."

Kanga akaacha vibaba viwili vya masurufu. Alhamisi akakuta mlango umefungwa kabisa.

Ijumaa asubuhi Fisi huyo, mzima wa afya, kamba begani, amefuata chungu. Vifaranga wakalia. Kanga naye akalia, kisha akajifuta machozi, akamburuta Fisi kwa Nyati, aliyekuwa hakimu. Wanyama wakajaa kusikiliza.

"Mheshimiwa," akasema Fisi, "huyu kanichelewesha. Wiki nzima nimekaa mlangoni namsubiri. Hata chooni sikwenda!"

"Kwani hukufiwa?" Kanga akauliza.

Fisi akaona akikubali, itajulikana hakuwepo nyumbani. "Sikufiwa!"

"Hukuumwa?"

"Mimi? Sijui hata mafua!"

"Hukusafiri?"

"Niende wapi?"

"Basi Mheshimiwa, muulize mkewe. Kama hapakuwa na msiba, wala ugonjwa, wala safari, ule mtama aliupokea wa nini?"

Mke wa Fisi akainamisha kichwa. "Tuliula," akasema.

Nyati akahesabu taratibu. Viwili, vinne, sita. "Deni limelipwa tangu Jumatano. Chungu kibaki kwa mwenyewe."

"Ngoja, nimekumbuka!" Fisi akapiga kelele. "Shangazi alikufa kidogo!"

"Nilikufa lini?" akauliza fisi mmoja kikongwe kutoka nyuma. "Na rambirambi zangu mbona sikuonjeshwa?"

Baraza likavunjika kwa vicheko. Kanga akaenda zake kupika uji, wateja walikuwa wameshapanga foleni.

Miaka ikapita, shangazi akafa kweli. Fisi akampenda sana shangazi yake, siku hiyo. Akapita kila mlango akilia. Hakutoka mnyama hata mmoja. Mpaka leo analia porini peke yake, na wanaomsikia huambiana, "Mwacheni, huyo anacheka."

Funzo lake, wanangu: anayemkimbia mlipaji asilalamike kacheleweshewa.

Nami nimefika mwisho, mate yamenikauka. Anayenidai aje, nipo nyumbani.